Gundi ya Baba Haishiki

3 Machi

Kaka,

Shikamoo. Dereva wa lori la maji kasema anaondoka kesho kuja huko machimboni kwenu, na simu yako imekuwa pambo tu, mwezi mzima haipatikani. Basi nimekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa nikuandikie. Nakaa kwenye ndoo kwa sababu kigoda ni cha baba, na siku baba akiinuka kigoda ni chako. Unalijua hilo, amelitangaza kwa kila mteja tangu ulipokuwa unavaa kaptula.

Nimechoka, kaka. Naanza na hilo ili usije ukasema sikukuambia.

Mikono ya baba inatetemeka. Mwenyewe hasemi. Kikombe anakishika kwa mikono miwili, ukimtazama anasema chai ni ya moto, hata kama imelala mezani tangu asubuhi. Spana hashiki tena. Siku hizi kila injini inayoingia karakana dawa yake ni moja tu, gundi. Ile ya mirija miwili anayoiita mume na mke. Mke ni mrija wenye mwili, mume ni ule unaonuka, ndio unaokaza. Tangu tukiwa wadogo alituimbia kwamba lazima walingane, nusu kwa nusu, mmoja akipunjwa ndoa haishiki. Sasa yeye mwenyewe ndiye anayepunja. Jioni anachanganya akiwa amenipa mgongo, anapaka kwa kijiti, ananiamuru nisiguse mpaka kesho. Kesho yake nikifika naikuta inanata kama kamasi.

Na mahali anapopaka ndipo panaponimaliza nguvu. Wiki iliyopita ililetwa jenereta ndogo iliyokuwa inapanda na kushuka mlio, inataka kuzima haizimi. Baba aliisikiliza akiwa amefumba macho, kisha akaizungushia gundi shingo ya kabureta. Hata anayejifunza kazi leo anajua hapo hapapakwi gundi. Ikabidi niwahi asubuhi kabla hajamaliza chai nyumbani, niifute yote kwa spiriti na kitambaa, nifungue kabureta. Nikakuta gasketi imechanika, nikakata nyingine, nikafunga. Ikanguruma vizuri.

Baba akaja, akafuta mikono ambayo haikuwa na uchafu, akaniuliza, "Imeshika?"

Nikamjibu, "Imeshika, baba."

Akaitikia kwa kichwa, akaenda kukaa kwenye kigoda. Mteja akaja akamsifu. Hivi ndivyo tunavyoishi tangu mwaka uanze. Yeye anapaka, mimi nabandua, yeye anasifiwa.

Mwambie aache. Wewe ndiye mkubwa, na ndiye mwenye kigoda. Mimi nikimwambia ataniona namfukuza.

Mdogo wako,
Nati

*

11 Machi

Nati,

Marahaba. Barua imefika ikiwa na alama ya kidole cha grisi, nikajua umeiandika wewe kweli.

Mdogo wangu, usianze kumzika mzee kwa sababu ya gundi. Huenda ni gundi mbovu. Madukani siku hizi wanauza mirija iliyokaa juani mpaka imeiva, hata ingechanganywa na malaika isingeshika. Nimeomba mirija miwili mipya stoo ya hapa, nzuri, ndiyo tunayozibia nyufa za pampu. Dereva atakupa. Mpe baba, mkumbushe asafishe chuma kwa msasa na petroli kwanza, halafu uone.

Kuhusu kumwambia aache, kwa nini mimi? Wewe unamwona uso wake kila siku. Mimi nitatuma maneno kwenye karatasi, yatafika kama hukumu. Nani atamfunga paka kengele? Anayelala naye nyumba moja, au aliye mbali anayepaswa kwanza kupanda lori?

Nimemwandikia kikaratasi cha utani, kimo humu humu, mpe. Atacheka.

Mimi sijambo. Kazi ni ile ile, vumbi ni lile lile, mashine ya kusaga mawe haipumui. Wamenihamishia getini, naandika malori yanayotoka. Ni kwa muda tu, usiwe na wasiwasi.

Na kigoda hicho, kikalie tu baba akiwa hayupo. Hakina macho.

Kaka yako

*

29 Machi

Kaka,

Utani wako umenitia matatani, sikiliza.

Bahasha hukuifunga. Dereva akasoma kile kikaratasi njiani. Uliandika, "Baba, nasikia siku hizi mume anapunjwa na ndoa haishiki, tafadhali rekebisha mambo kabla nyumba haijavuja." Dereva hajui habari za mirija. Alipofika akaenda moja kwa moja kwa shangazi. Shangazi kaja na begi la nguo, tayari kukaa mpaka apatanishe. Kwanza alidhani ni baba kaoa kwa siri. Baba alipokana akanigeukia mimi, akaniuliza mume wangu huyo anayepunjwa ni nani na kwa nini familia haijaonyeshwa. Nikamwonyesha mrija. Akauangalia, akaunusa, akasema aliyewapa majina alikosea, kwa sababu nyumba yoyote aliyowahi kuiona yeye anayekaza ni mke. Baba alicheka mpaka akakohoa. Nilikuwa nimesahau kicheko chake. Nilifurahi, kisha nikahuzunika zaidi.

Kwa sababu gundi yako mpya nayo haikushika. Nilisimama kando nikamwona akimimina mke wa kutosha, halafu mume akadondosha tone moja tu. Nikamwambia, baba, mbona mume haba? Akasema macho yangu ndiyo mabovu. Ilikuwa mashine ya kukatia nyasi, akaipaka chini kabisa karibu na bolti ya sampu, lile bakuli la oili, mahali ambapo huoni kitu mpaka uilaze chali. Asubuhi nilipofuta, chini ya gundi kulikuwa na ufa mwembamba kama unywele. Nikatoboa kitundu mwisho wa ufa ili usiendelee kukimbia, nikasugua, nikachanganya nusu kwa nusu, nikapaka upya. Imeshika, baba.

Sasa sikia lililonifanya nishike kalamu. Yule mwoka mikate tunayemwita Mama Mikate alileta jenereta yake, inanuka petroli. Baba akapaka gundi kwenye mshono wa tangi kwa nyuma. Asubuhi nilikuwa nimeanza kuifungua nikakuta sina spiriti, nikatoka kununua. Mama Mikate akaja kabla ya wakati wake. Nilivyorudi jenereta ilikuwa imeshapandishwa kwenye mkokoteni, baba ameshikilia ukingo wa mkokoteni anamhadithia habari za tanuri, hadithi isiyo na kichwa wala mkia. Kaka, tangi lile lina gundi mbichi, na linakwenda kuwekwa kwenye nyumba yenye moto mchana kutwa.

Nikasema uongo kwamba kuna nati sijakaza, nikaishusha. Na ilipokuwa chini nikaona plagi, ile ya kutoa cheche, haipo. Baba amesahau plagi! Mtu aliyetufundisha kwamba plagi ni moyo. Tangi pia lilikuwa limemwagwa, koki imefungwa, sijui ni nani kati yetu aliyefanya hivyo. Mungu ametunusuru tu. Nikatafuta plagi kila mahali, sikuiona, nikaweka nyingine.

Na unajua Mama Mikate alisema nini alipokuja kuichukua jioni, imezibwa, inawaka kwa mvuto mmoja? "Mikono ya mzee haijazeeka." Mimi nimesimama hapo nina grisi mpaka viwikoni. Akaniomba nimletee mzee maji anawe.

Siwezi tena. Leo ni bahati, kesho ni moto. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, wewe huko unauona mwepesi. Mwandikie baba aache, tena kwa maneno ya wazi. Usipofanya hivyo, mwisho wa mwezi ujao naenda kuuza vipuri kwenye duka la kona. Wameshaniuliza mara mbili. Karakana ifungwe, kigoda kikungoje.

Nati

*

8 Aprili

Baba yangu,

Shikamoo. Natumaini umeamka salama, na shangazi amesharudi kwake na begi lake.

Barua hii nimeifunga kwa gundi, nusu kwa nusu kama ulivyotufunza. Dereva akitaka kuisoma itabidi aichane, na akiichana utajua.

Baba, naomba unisikilize kama mtu anayekupenda, maana ninalotaka kusema sijui namna nzuri ya kulisema. Umefanya kazi miaka mingi. Injini za mtaa mzima zimepita mikononi mwako. Nasikia mikono sasa inataka kupumzika, na mkono ukichoka si aibu. Nati hakulalamika, ameniambia tu kwa sababu anaogopa. Tangi la petroli lenye gundi isiyokauka ni hatari, wewe unajua kuliko mimi. Nakuomba uache kupaka. Kaa, sikiliza, elekeza, mwache yeye afanye.

Najua utasema kigoda kina mwenyewe na mwenyewe ni mimi. Hapo ndipo kuna jambo nililokuwa nakuficha. Baba, sikio la kushoto limekufa. Ni ile mashine ya mawe. La kulia nalo linasikia kwa mbali, mtu akisema nami namtazama midomo. Ndiyo sababu wamenitoa kwenye mitambo wakaniweka getini. Sasa nikija nikakalia kigoda chako, nitafanya nini? Wewe ulinifundisha kufumba macho na kusikiliza injini. Nikifumba macho sasa nabaki gizani tu. Wahenga walisema sikio la kufa halisikii dawa, nilidhani ni methali ya watoto wakaidi.

Usimwambie Nati. Ana mzigo wa kumtosha.

Ukitaka nije nitakuja, wewe sema neno. Lakini nikija utakuwa na mafundi wawili wabovu na mmoja mzima, na yule mzima mnamkalisha kwenye ndoo.

Nisamehe kama nimevuka mpaka.

Mwanao

*

19 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Bahasha imenipa kazi. Nimeifungua kwa kisu cha kubandulia gasketi. Kwa hiyo wewe kuchanganya unajua.

Usione herufi zimelewa. Nimeandika ukurasa huu kwa siku kadhaa, nikiandika mkono mmoja na mwingine ukiushikilia.

Habari ya sikio imeniumiza. Nilikaa nayo nikashindwa hata kunywa chai. Hukupaswa kuibeba peke yako. Mimi masikio ninayo, mikono sina. Wewe mikono unayo, masikio huna. Tungeunganishwa tungetoka mtu mmoja wa kutosha, tena mfupi wa kiburi. Nenda kwa daktari la kulia litazamwe kabla nalo halijakuaga. Hilo ni agizo.

Sasa tuje kwenye gundi.

Unadhani baba yako amesahau nusu kwa nusu? Nimewahi kusahau jina la shangazi yako, lakini hilo sijalisahau. Napunja mume kwa makusudi. Nataka isishike.

Nitakueleza, na ukishasoma utachoma karatasi hii. Mwaka jana nilikuwa nakaza bolti ya kichwa cha silinda, mkono ukaruka, nikaua uzi. Uzi wa bolti ukifa kwenye alumini haufufuki, tukamnunulia mteja kichwa kipya. Nati alidhani ni bolti iliyokuwa mbovu, na mimi nilimwacha adhani hivyo. Siku hiyo nikaapa sitashika spana juu ya injini ya mtu. Lakini gundi mbichi haiharibu kitu. Unaifuta kwa spiriti, chuma kinabaki kama kilivyozaliwa. Nikikosea na gundi mbichi, sijamkosea mtu.

Tena mahali ninapopaka ndipo penye ugonjwa. Nasikiliza kwanza, halafu naweka alama. Dada yako anakuja asubuhi akiwa amenuna, anafuta, na akifuta anaona. Ile jenereta iliyokuwa inayumba, ilikuwa inavuta hewa kwenye shingo ya kabureta. Mashine ya nyasi, ufa wake hata kijana mwenye macho manne asingeuona, mimi niliusikia. Ningemwambia kwa mdomo, nenda ufungue hapa, angenitazama mimi usoni aone kama nina hakika. Nataka aitazame injini. Kila gundi anayoibandua anajifunza sehemu moja, na anadhani amejifunza kwa hasira zake mwenyewe. Na iwe hivyo. Somo la hasira halisahauliki.

Tangi la Mama Mikate lilikuwa kosa langu, nilikubali gundi ilale kwenye petroli. Lakini nililimwaga mimi, koki niliifunga mimi, na nilipomwona yule mama anaingia mapema nikachomoa plagi nikaitia mfukoni. Jenereta isiyo na plagi haiunguzi mtu. Halafu nikamhadithia habari za tanuri mpaka nikakosa za kusema. Nati aliporudi mbio na chupa ya spiriti nilitamani kumkumbatia. Nikamuuliza kwa nini amechelewa.

Utaniuliza kwa nini nisiseme tu. Kwa sababu siku nitakayosema kwa mdomo wangu kwamba mikono imekwisha, mtaniambia mzee pumzika, kwa upendo kabisa, na mimi nitakaa nyumbani nikitazama ukuta mpaka nife. Naogopa ule ukuta, mwanangu. Niachieni kijiti changu na mirija yangu. Asubuhi nikiuliza imeshika, na yeye akinidanganya imeshika, najua imeshika. Yeye ndiye aliyeishikisha.

Lile la wateja kunisifu mimi ni kweli nimeliacha likae sana. Nilihofia wangehama kama wangejua injini zao anazifunga binti. Hofu ile ilikuwa yangu kuliko yao. Nitalinyoosha mwenyewe, usiniharakishe.

Kigoda usikisumbukie. Nina shughuli nacho.

Usimwambie.

Baba yenu

*

27 Aprili

Nati,

Nimemwandikia baba, naye amenijibu. Hajasema ataacha, hajasema hataacha. Unamjua.

Nakuomba usiende duka la kona. Siwezi kukueleza kwa nini, ila nakuomba kama kaka ambaye hajakuomba kitu kikubwa tangu ile baiskeli. Mvumilie kidogo tu. Na unapofika asubuhi, kabla hujaweka spiriti kwenye kitambaa, tazama kwanza amepaka wapi. Tazama vizuri. Sisemi zaidi.

Jambo la pili ni langu. Sirudi kukaa kwenye kigoda. Masikio yangu yameharibika hapa, la kushoto limekwisha kabisa. Nilitaka kukuficha, nikaona tumekuwa familia ya kufichana mpaka tunagongana vichwa gizani. Usilie, nimeshalia mimi kwa niaba ya wote. Nakwenda kwa daktari wiki ijayo.

Kwa hiyo usinihifadhie chochote hapo karakana.

Kaka yako

*

15 Mei

Kaka,

Shikamoo. Nimelia hivyo hivyo, huwezi kunipangia. Ukimaliza na daktari uje nyumbani japo siku chache. Nitasema kwa sauti na nitatamka vizuri.

Sikuenda duka la kona. Nikwambie kilichotokea.

Barua yako ilinikera. Tazama amepaka wapi, kana kwamba mimi ni kipofu. Lakini nilitazama. Ililetwa pampu ya maji isiyovuta. Baba akafumba macho, akasikiliza, akapaka gundi upande wa chini wa mfuniko, doa dogo kama sarafu. Asubuhi sikufuta. Nikafungua pale pale kwenye doa, na tatizo lilikuwa pale pale. Nikakaa kwenye ndoo nikaanza kurudi nyuma. Shingo ya kabureta. Ufa wa mashine ya nyasi. Mshono wa tangi. Kaka, hajawahi kukosea hata mara moja. Na mimi nimekuwa nikifuta majibu kwa kitambaa huku nikilalamika mwalimu ni mbovu.

Hata hivyo nikajiambia labda masikio ni mazima na mikono ndiyo inayokosea kipimo. Mpaka nilipofua koti lake la kazi. Mfukoni, ndani ya kitambaa safi, kulikuwa na plagi ya Mama Mikate. Nimeijua kwa sababu nilikuwa nimeisugua mwenyewe. Mtu aliyesahau haviringishi kitu kwenye kitambaa safi.

Nilikasirika, nisikudanganye. Nilitaka niende nayo mkononi nimwulize ameniona mtoto kiasi gani. Miezi yote hii naamka na roho juu, naogopa ataua mtu, kumbe yeye ananichezea kama anayemfundisha paka kuwinda. Nikafika mlangoni. Alikuwa ameshika kikombe kwa mikono miwili, anakipuliza, na chai haikuwa na moshi hata kidogo. Nikairudisha plagi kwenye koti lililolowa. Funika kombe mwanaharamu apite.

Sasa kigoda. Unakumbuka ule mguu wake mmoja uliokuwa unacheza, na jinsi kilivyokuwa kirefu, mimi nikikikalia kwa wizi miguu inaning'inia. Wiki iliyopita kilitoweka. Nikamuuliza, akasema kimekwenda kwa seremala kunyolewa. Kikarudi jioni, kifupi, miguu yote imekatwa. Baba akatoa mirija yake, safari hii hakunipa mgongo. Alichanganya mbele yangu. Mkono ulitetemeka mpaka akaimwagia meza mume mwingi, akangoja ukatulia, akaongeza mke, akangoja tena, akaongeza mume, mpaka wakalingana. Akapaka kwenye ule mguu mbovu. Akasema kisiguswe mpaka kesho.

Asubuhi nilikuja na chupa na kitambaa, mazoea tu. Nikaibonyeza gundi kwa ukucha, ukucha ukakunjika. Nikauvuta ule mguu kwa nguvu zangu zote. Nikaugonga kwa nyundo. Kaka, imekuwa jiwe. Anajua kuchanganya. Siku zote alikuwa anajua. Nikakikalia kile kigoda, na nyayo zangu zote mbili zikafika chini.

Nilikuwa bado nimekikalia baba alipoingia, na nyuma yake Mama Mikate na jenereta yake, anasema sasa inatoa moshi. Nikataka kuinuka. Baba akaniwekea mkono begani, ule mkono, nikausikia unavyotetemeka mpaka kwenye mfupa, nikabaki. Mama Mikate akaanza kumweleza yeye habari za moshi. Baba akavuta ndoo yangu akaikalia.

"Mimi hapa nasikiliza tu," akamwambia. "Mweleze fundi."

Mama Mikate akanitazama, akatazama grisi yangu, nadhani akakumbuka yale maji ya kunawa. Kisha akanieleza mimi tangu mwanzo.

Alipoondoka, baba akaisogeza ndoo karibu na kigoda. Halafu akainama kidogo kutazama ule mguu wa kigoda, akaniuliza kama anavyoniuliza kila siku, "Imeshika?"

"Imeshika, baba," nikamwambia, na leo sikuwa namdanganya.

Usimwambie kwamba najua. Jenereta ya Mama Mikate ipo mezani, na baba ameshafungua mirija.

Nati